Mlango wa vioo viwili usiofungika

Dada, umeeleza kwamba mlango wa nyuma wa nyumba unayopanga huko Leicester, ule wa plastiki wenye vioo viwili, haufungiki mpaka uinue mkono wake kwa nguvu zote. Usinunue kitasa bado. Uache mlango wazi, inua mkono, kisha zungusha ufunguo. Vikienda kwa wepesi, kitasa ni kizima. Mlango ndio ulioshuka, hata ndoano zake hazilengi tena matundu ya fremu, na dawa yake ni kurekebisha bawaba kidogo kidogo kwa ufunguo wa pembe sita huku ukijaribu kila mara. Mkono au ufunguo ukikwama hata mlango ukiwa wazi, mashine ya kitasa iliyo ndani ya mlango imechakaa, na kulazimisha kunaweza kukuvunjia ufunguo humo humo. Mkono unaoning'inia aghalabu ni springi tu iliyokatika. Ukinunua mwingine, pima kutoka katikati ya nondo ya mraba inayopita ndani ya mkono hadi katikati ya tundu la ufunguo (mara nyingi ni milimita 92, lakini usikisie). Hata hivyo, mwandikie kwanza mwenye nyumba, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 inamwajibisha kutengeneza sehemu za nje za nyumba.