Risasi zinatoboa kwa ubavu: tatizo ni baruti au mtutu?

SWALI: Naishi Wyoming kwenye ranchi ya wakwe zangu, mwinuko wa futi 7,000 na ushei. Nina bunduki ya zamani ya Remington, ya risasi aina ya .22-250, ninayotumia kwa koyoti (wanyama kama mbweha) na kindi wa ardhini wanaochimba malisho. Risasi najaza mwenyewe. Kwa vichwa vya risasi vya greni 55 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), matundu matano yanakaa pamoja vizuri sana. Kiangazi nilihamia greni 60 zenye ncha ya plastiki, urefu inchi 0.83, ili upepo usizipeperushe sana. Zilikwenda sawa. Januari, kwa baruti ileile na fataki (viwashio vya baruti) zilezile, matundu yametawanyika na mawili yametoboa karatasi kwa ubavu. Niongeze baruti?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Mtawanyiko peke yake ungenifanya nikuulize habari za shingo za maganda na kina ulichopachika vichwa. Lakini tundu la ubavu lina maana moja: kichwa kimefika kwenye karatasi kikiwa kimeshapoteza mwelekeo. Hapo mshukiwa wangu ni msokoto wa mtutu.

Mifereji ya mtutu hukizungusha kichwa kama pia ili pua ibaki mbele. Remington walipoanza kuitengeneza .22-250 kiwandani mwaka 1965, waliipa msokoto wa 14, yaani duru moja kwa kila inchi 14. Kwa vichwa vifupi vya greni 50 na 55 unatosha. Wengi hutazama uzito tu, kumbe kinacholeta shida ni urefu, na ncha ya plastiki inarefusha kichwa bila kukiongezea uzito wa maana. Ipo kanuni ya Mwingereza Greenhill ya mwaka 1879: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha mara 180 kwa risasi za kasi kama zako, halafu gawanya kwa urefu. Kwa kipenyo cha inchi 0.224 na urefu wa 0.83 unapata msokoto wa 11 hivi. Kanuni hii ina woga kidogo, hata greni 55 zako ingezitilia shaka, lakini kutoka 11 hadi 14 ni mbali mno.

Mbona kiangazi zilikwenda? Hewa ya huko juu ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Ulikuwa ukingoni bila kujua. Januari hewa ikawa nzito, ikaisukuma pua ya risasi, ukaanguka. Yaliwakuta hata wanajeshi wa Marekani: bunduki za AR-15 za mwanzo zilikuwa na msokoto wa 14, risasi zikayumba kwenye majaribio ya baridi kali, na mwaka 1963 msokoto ukakazwa kuwa 12.

Sasa baruti. Ukiongeza kasi kwa asilimia 3, utulivu wa kichwa unapanda kwa asilimia 1 tu. Kukaza msokoto kutoka 14 hadi 12 kunauongeza kwa zaidi ya theluthi. Utakachovuna kwenye baruti ni presha: fataki zilizobapa na bolti (komeo la bunduki) ngumu kuinua.

Kabla ya kuniamini, pima. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unauacha uzunguke, funga kitambaa kibane sawasawa, ingiza inchi chache, kisha utie ufito alama mbili: moja ya urefu usawa wa mdomo wa mtutu, nyingine upande wa juu. Sukuma polepole mpaka alama ya juu irudi juu, upime umbali ulioingia. Rudia, maana kitambaa kikiteleza namba itakudanganya.

Ikiwa ni 14, rudi kwenye greni 50 au 55 zenye kitako bapa. Anza na kipimo cha chini cha kitabu cha kujazia kwa kichwa hichohicho. Unaposawazisha ganda lililokwisha kupigwa kwenye chemba ya bunduki yako, rudisha bega lake (pale linapoanza kuwa jembamba) nyuma kwa inchi 0.001 hadi 0.002, basi. Kina cha kichwa kibadilishe kwa inchi 0.005 kila mara, ukianzia mbali na mifereji, na usiguse kingine chochote wakati huo. Kupima uzito wa maganda moja moja kwa ajili ya kindi wa yadi 200 mimi sioni faida yake.

Ukiona upepo wa Wyoming bado unakulazimisha kutumia vichwa virefu, dawa ni mtutu mpya. Siku utakapomwendea fundi, mtajie urefu wa kichwa kirefu kuliko vyote unavyotaka kupiga, na umweleze pia baridi ya Januari.