Anko Kona Anajibu: Mkataba wa Mwaka Mmoja Mmoja

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza mpira wa Uingereza, ila sio ule mnaojazana kuuangalia kwenye mabanda umiza, ni ule wa chini kabisa ambao hata matokeo yake redioni hayasomwi. Nimefurahi sana manake huko ndo kuna stori. Tuanze.

Anko habari. Mimi na shemeji yangu tumebishana mpaka tumenuniana. Yeye anasema mchezaji aliyepita timu zaidi ya kumi huyo hajui mpira, anafukuzwa kila anakoenda, na mfano wake ni Akinfenwa yule mshambuliaji mnene wa kwenye gemu la FIFA. Mimi namtetea ila hoja sina. Dau ni kuku mzima wa kuchoma. – Mbishi wa Ubungo

Kuku ni wako, ila ngoja nikupe na hoja za kulia huyo kuku.

England madaraja manne ya juu yana klabu 92. Premier zipo 20, afu Championship, League One na League Two kila moja ina 24, chini yake ndo inakuja National League. Sasa ukishuka huko League Two klabu haina ubavu wa kumpa mtu mkataba wa miaka mitano, inampa mwaka, akibahatika miwili, ligi ikiisha mwezi wa tano klabu inatoa orodha kwamba fulani tunabaki naye na fulani asante kwa utumishi wako, mkataba unakatika tarehe 30 Juni. Unaweza ukawa umefunga goli 15 na bado ukaachwa kwasababu timu imeshuka daraja, au kocha aliyekupenda kafukuzwa na mpya kaja na vijana wake. Kwahiyo hama hama ya huko chini sio aibu, ndo kazi yenyewe ilivyo, ni kama fundi ujenzi, nyumba ikiisha unatafuta saiti nyingine na hakuna anayesema fundi mbovu huyu kwa kuwa kajenga nyumba 13.

Nasema 13 kwa makusudi. Ndo timu za Adebayo Akinfenwa kwenye mpira wa kulipwa, na mbili kati ya hizo alizirudia.

Jamaa kazaliwa London mwaka 1982, wazazi wenye asili ya Nigeria, akapita kwenye timu ya vijana ya Watford, haikujibu. Unajua alianzia wapi kulipwa? Lithuania, timu inaitwa Atlantas, 2001, ana miaka 18 au 19 hivi. Kombe la nchi kule alibeba lakini alitukanwa kwa rangi yake na mashabiki wa timu yake mwenyewe, yani wale anaowafungia magoli. Mtoto wa London yuko peke yake kwenye baridi ile. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alitaka kurudi nyumbani.

Akarudi, na hapa shemeji yako asikilize vizuri. Mwaka 2003 kuingia 2004 alipita Barry Town ya Wales, Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Timu tano ndani ya mwaka na kidogo! Mkataba wa mwezi, mkataba wa miezi miwili, begi halifunguliwi. Wengi hapo ndo wanaachana na mpira wanaenda kuendesha gari za mizigo. Yeye akapata Torquay msimu mzima, timu ikashuka ila yeye alikuwa amefunga, na Swansea wakamchukua 2005.

Swansea ya wakati huo ilikuwa League One msiichanganye na ile iliyokuja kucheza Premier baadae. Mwaka 2006 alifunga fainali ya kombe la timu za madaraja ya chini wakaifunga Carlisle 2-1, miezi miwili mbele wakaingia fainali ya mchujo wa kupanda Championship dhidi ya Barnsley, sare 2-2, penati, na yeye akawa mmoja wa waliokosa. Barnsley wakapanda. Msimu uliofuata akavunjika mguu, mkataba ukaisha, akaenda Millwall muda mfupi hakufunga hata moja. Hapo ana miaka 25 na kila kocha akimwangalia anaona vitu viwili tu, mguu uliovunjika na mwili mkubwa. Manake huyu mtu alikuwa na kilo zaidi ya 100, makocha walikuwa wanamwambia kabisa wewe ni mnene sana kucheza mpira.

Northampton wakamchukua, kisha Gillingham, Northampton tena, Gillingham tena. Miaka sita ya kwenda na kurudi kati ya timu mbili kama daladala, na anafunga tu. Hivi timu iliyokuacha ikikuita tena, unaitwa mbovu? Mwulize shemeji hilo na umwangalie usoni.

2014 akaenda AFC Wimbledon, klabu iliyoanzishwa na mashabiki wenyewe mwaka 2002 baada ya timu yao kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes. Januari 2015 wakapangwa na Liverpool kombe la FA, na Akinfenwa ni shabiki wa Liverpool toka mtoto. Akawafunga. Gerrard akafunga mawili Liverpool wakashinda 2-1, lakini usiku ule England nzima ilikuwa inamwongelea mnene wa League Two.

Afu ikaja Mei 2016, kwangu mimi hii ndo picha ya maisha yote ya wachezaji wa kule chini. Wembley, fainali ya mchujo wa League Two, Wimbledon na Plymouth, dakika za nyongeza Akinfenwa anapiga penati inaingia, 2-0, timu imepanda. Mtangazaji anamfata na maiki, na yeye kabla jasho halijakauka anasema kitaalamu yeye hana kazi, makocha wamcheki WhatsApp. Watu walicheka sana, ila haukuwa utani. Wimbledon walikuwa hawampi mkataba mpya na yeye alikuwa analijua hilo wakati anaipiga ile penati. Umeipandisha timu na kesho yake unatafuta ajira, ukiwa na miaka 34.

Wycombe Wanderers ya kocha Gareth Ainsworth ndo ikamcheki. Huko akakaa miaka sita, yeye ambaye hakuwahi kukaa hivo popote. 2018 wakapanda League One. 2020 korona ikasimamisha ligi, msimamo ukapangwa kwa wastani wa pointi kwa mechi, Wycombe waliokuwa wa nane wakajikuta wa tatu (bahati nayo ipo jamani), wakacheza mchujo, tarehe 13 Julai wakaifunga Oxford 2-1 kwenye Wembley tupu, ikawa mara ya kwanza katika historia yao kufika Championship. Safari hii akasema mtu pekee anayeruhusiwa kumtumia WhatsApp ni Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, maana Liverpool nao walikuwa wametoka kubeba ubingwa. Na Klopp kweli akatuma video ya kumpongeza. Championship walidumu msimu mmoja wakashuka kwa tofauti ya pointi moja tu nyuma ya Derby. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Mei 2022, Wembley hiyohiyo, wakafungwa na Sunderland 2-0, akastaafu na miaka 40 na magoli zaidi ya 200.

Premier hakuwahi kucheza hata dakika moja, hilo shemeji yako anaruhusiwa kulisema. Miaka ishirini na moja analipwa kwa kucheza mpira nalo mlisema. Kuku awe na pilipili.

Mie ni wa Likoni Mombasa. Anko, hawa wa chini si nao ni matajiri tu? Pauni ni pauni, au mwatudanganya? – Bin Likoni

Pauni ni pauni lakini na kodi ya nyumba nayo ni kwa pauni, ndugu yangu. Wa juu Championship anaishi vizuri mno, wa League Two anaishi kama mfanyakazi mwenye ajira ya kueleweka, ila ya kwake inaishia kwenye miaka 34 hivi na mguu unaweza kuimaliza mapema zaidi. Ukishuka National League utakuta mpaka wenye kazi nyingine mchana.

Usisahau zamani walikuwa wamewekewa kikomo kabisa. Mpaka 1961 hakuna mchezaji England aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, uwe staa uwe nani. Chama chao cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kikatishia mgomo kikomo kikafutwa, na haukupita muda Johnny Haynes wa Fulham akawa analipwa 100. Na kabla ya kesi ya Bosman 1995, yule mchezaji wa Ubelgiji aliyeshinda mahakamani haki ya kuhama bure mkataba ukiisha, mkataba wako ukiisha klabu bado ilikuwa na mkono wake kwako ukitaka kuhama. Kwahiyo uhuru wa kina Akinfenwa kwenda wanakotaka mwezi wa saba ni mpya, na uhuru huohuo ndo umefanya klabu nazo zisiogope kumwacha mtu.

Na mshahara wenyewe kuna mahali hauji. Bury walipanda kutoka League Two mwaka 2019 huku wachezaji wanadai mishahara, na mwezi wa nane mwaka huohuo klabu ikafukuzwa kwenye ligi kwa kushindwa kuthibitisha ina hela. Wachezaji wakajikuta mtaani wakati dirisha la usajili linakaribia kufungwa. Macclesfield nao mwaka huohuo hawakulipwa, wachezaji wakagoma mechi ya kombe la FA, wakachezeshwa watoto wakapigwa 4-0 na Kingstonian timu ya daraja la saba. Mwaka uliofuata klabu ikafilisiwa na mahakama. Hayo na Mombasa mnayajua nyie wenyewe, sitaki kusema zaidi.

Anko na Vardy je? Si alitoka huko huko. – Foxes damu, Arusha

Jamie Vardy, yule mshambuliaji aliyebeba ubingwa wa Premier na Leicester, alitoka huko, na mshambuliaji Rickie Lambert alitoka pia, huyo Lambert aliwahi kufanya kazi kiwandani kufunga vifuniko vya chupa za bitiruti, akaja kuifungia England mechi yake ya kwanza dhidi ya Scotland 2013. Ila mdogo wangu, ukitaja hao wawili umeshaanza kuhesabu kwa vidole, wengine maelfu ndo hao wa mwaka mmoja mmoja. Usipangie maisha kwa Vardy.

Kuna wa kwetu wowote kule chini? – Msomaji, Kigoma

Wapo. Haji Mnoga wa Taifa Stars ni mzaliwa wa Portsmouth, klabu ya Portsmouth ndo imemlea, ikawa inamtoa kwa mkopo timu baada ya timu kina Bromley, Gillingham, Aldershot, mpaka 2024 akatua Salford City. Adi Yussuf mzaliwa wa Zanzibar alilelewa Leicester akaja kuzunguka Mansfield, Grimsby, Solihull Moors, Blackpool, ukisoma timu zake unaona kabisa maisha ya Akinfenwa. Kwa Wakenya kuna Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya, huyu Julai 2020 siku ya mwisho ya ligi alifunga dakika za nyongeza kule Brentford, 2-1, na Barnsley wakabaki Championship kwa goli lake. Miaka mitatu baadae alikuwa League Two na Bradford City. Goli linaloiokoa klabu nzima halikupi mkataba wa maisha.

Kaka, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 16 anacheza namba tisa. Kuna kijana anajiita wakala, anasema atampeleka majaribio timu ya League Two, anataka milioni tatu na nusu za viza na usajili wa majaribio. Baba yake anataka kuuza kiwanja. Nifanyeje? – Mama wa Tabata

Nzuri dada yangu. Kiwanja kisiuzwe.

Kwanza umri. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, kuna vipengele vichache sana vya kumwachia kama wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira, nyie mko Tabata. Pili, toka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, kuanzia 2021 mgeni anapimwa kwa pointi, anatakiwa 15, na pointi zinatoka kwenye mechi za timu ya taifa, ubora wa ligi anayotoka na dakika alizocheza. Mtoto wa miaka 16 wa ligi ya mtaani hata awe na kipaji cha kuogofya, karatasi yake inasoma sifuri, na hiyo klabu ya League Two inalijua hilo. Samatta mwenyewe alipita Simba, Mazembe na Genk, akaingia England ana miaka 27.

Tatu, huyo kijana. Wakala wa kweli analipwa kamisheni baada ya mkataba kusainiwa, hachukui hela ya mama kabla mtoto hajagusa mpira, na hakuna kitu kinaitwa usajili wa majaribio. Mtoto abaki shule na acheze, akili zote ziwe Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana inaonekana kuliko barua pepe ya mtu yeyote.

Afu mwambie akuandikie jina lake kamili lilivyo kwenye leseni. FIFA wana orodha ya mawakala kwenye tovuti yao iko wazi kwa kila mtu, mtafute kwa simu yako leo jioni kabla baba hajaita dalali.