Miwani ya Uhalisia Pepe Ikigoma Kuchaji, Anza na Waya

Miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayovaliwa usoni ili kuingia katika mchezo wa kompyuta, ikigoma kuchaji, wengi hukimbilia kusema kwamba betri imekufa. Kwa uzoefu wangu, betri hustahili kushukiwa mwisho, baada ya waya, tundu na chaja kuchunguzwa kimoja baada ya kingine.

Kabla ya kununua chochote, tofautisha kwanza matatizo mawili yanayofanana kwa nje. Ipo miwani isiyopokea umeme hata kidogo, na ipo inayopokea umeme mdogo kuliko inaoutumia. Hii ya pili ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu taa ya chaji huwaka kama kawaida ilhali asilimia za betri zinazidi kushuka mchezo ukiendelea. Tundu la kawaida la USB 2.0 kwenye kompyuta limepangiwa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5, na la USB 3.0 miliampea 900, yaani wati 4.5, ilhali chaja inayouzwa pamoja na miwani ya Meta Quest 3 ni ya wati 18. Kwa hiyo mtu anayecheza huku miwani imeunganishwa na kompyuta anaweza kuulaumu waya usio na kosa lolote. Zima miwani kabisa, ichomeke kwenye chaja yake ya ukutani, kisha uiache kwa muda. Asilimia zikipanda vizuri, tatizo lilikuwa tundu la kompyuta.

Zisipopanda, geukia waya. Zipo nyaya zilizotengenezwa kwa kuchajia tu, ambazo hupitisha umeme lakini hazina njia ya data, na ndiyo maana kompyuta haiioni miwani hata kama inachaji. Urefu nao una gharama yake: waya wa mita 5, unaopendwa kwa kuwa unamruhusu mchezaji kuzunguka, hupoteza volti njiani, hasa ukiwa mwembamba. Hata hivyo, mahali unapokatika zaidi ni karibu na kichwa chake, pale unapopindika kila mchezaji anapogeuza shingo. Uchomeke, tazama taa, kisha uupinde taratibu kwa vidole hapo kwenye shingo ya waya. Taa ikizimika na kuwaka, waya huo ni wa kutupa. Kuuzungushia utepe, jambo ambalo nimeona likifanywa mara nyingi mno, hakuungi nyuzi zilizokatika ndani na huficha sehemu inayopata moto. Ukinunua mwingine, chagua wenye kichwa kilichokunjwa pembeni, kwa maana hulipunguzia tundu mvuto.

Tundu lenyewe hukusanya vumbi na nyuzi za nguo. Kichwa cha USB-C, yaani kile cha waya kinachoingia kwenye tundu la miwani, hutakiwa kuzama hadi mwisho. Kikibaki nje kidogo au kikitoka kwa kuguswa tu, yaelekea kuna uchafu uliogandamizwa chini. Miwani ikiwa imezimwa, mulika kwa tochi na uutoe uchafu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano usiiguse kabisa, kwani pini za tundu hilo, ambazo likiwa kamili hufika 24, zimepangwa kwenye ulimi mwembamba ulio katikati, na ni rahisi kuukwaruza au kuuvunja. Kama jasho limefika hapo, subiri pakauke ndipo uchomeke.

Miwani iliyotoka kwenye mchezo mrefu ikiwa na joto kali inaweza kukataa chaji hadi ipoe, na iliyokaa miezi bila kutumiwa huenda isioneshe dalili yoyote mwanzoni, kwa hiyo iache kwenye chaja kwa nusu saa kabla ya kuihukumu. Ikiwa kila waya unachezacheza ndani ya tundu safi, tundu limelegea na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kulehemu. Ukiona mwili wa miwani umetuna au viungio vyake vinaachana, chomoa chaja mara moja na usiichaji tena, kwa kuwa betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.