Baba hataki mboga ya chumvi kidogo, na maswali mengine ya wiki hii

Haya jamani nimerudi. Maswali yamejaa nimechagua sita, mengine yanafanana, ukiona la kwako halipo soma la mwenzio utajikuta humo humo. Afu kitu kimoja, wengi mnaniita dokta, mi sio dokta, ni mtu wa lishe, nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka 11 nikipima watoto kwenye mzani na kusikiliza mama zao, kwa hiyo nikikwambia nenda hospitali ujue hapo ujuzi wangu umegota.

Swali: Shikamoo. Baba yangu ana presha, daktari kasema apunguze chumvi. Nampikia kisufuria chake pembeni hakina chumvi kabisa, anaonja anasukuma sahani, afu jioni nasikia kaonekana kwa mama ntilie anakula maharage na chapati. Nifanyeje? (Binti wa Tabata)

Marahaba binti yangu, na pole. Ila nikwambie tu, hicho kisufuria cha pembeni ndo kinachomfukuza. Mtu mzima kakaa mkekani na wajukuu zake, wao mchuzi unanukia mpaka kwa jirani, yeye kawekewa kibakuli kimepauka kama chakula cha wodini, hata mimi ningetoroka. Rudisha sufuria iwe moja, afu chumvi ipungue ya nyumba nzima, kidogo kidogo, wiki hii toa robo ya ile unayotiaga, wiki mbili mbele toa robo nyingine, usitangaze, ulimi unazoea wenyewe na baada ya muda utashangaa ukila msibani unaona kama wamemwaga bahari. Na wala humuonei mtu, maana kipimo ni kilekile mwenye presha na asiye nayo, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichokuwa na kilima, na hapo ni chumvi yote mpaka iliyojificha kwenye mkate.

Fanya jaribio nililofanya kwangu. Nunua pakti ya nusu kilo, andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu ya wino juu ya pakti. Sisi tuko watano, 5 mara 5 ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo nusu kilo inatakiwa ifike siku 20, na hapo ni kama hakuna anayekula chochote nje. Ya kwangu ilikata siku ya 11. Mtu wa lishe huyo! Nikaanza kuchunguza nikakuta ugali wa chumvi (mume wangu kafundishwa na mama yake), vidonge vya mchuzi juu ya chumvi ambayo nshatia, na kichupa cha chumvi mezani ambacho watoto wanamwagia hata kwenye embe. Kichupa nikakiondoa, vidonge vya mchuzi nikaacha kununua, ugali wa chumvi tuligombana kidogo ila uliisha. Weka ndimu, kitunguu swaumu, tangawizi, giligilani, pilipili kama tumbo linaruhusu. Papa na ng'onda loweka, mwaga maji, loweka tena. Na chumvi yenyewe iwe ya madini joto, ifunike, sio ile inakaa wazi kwenye kopo jikoni.

Mama ntilie nae usimgombeze, nenda siku moja kaongee nae vizuri, mwambie sahani ya mzee mboga za majani ziwe nyingi na asimwongezee chumvi juu, wengi wanaelewa na tena atakuwa shushushu wako. Dawa za presha baba asiache hata siku moja kwa sababu chakula kimebadilika, hilo ni la daktari wake peke yake. Na nyie wengine hapo ndani nendeni mkapime, presha haipigi hodi, mtu anatembea na 160 kwa 100 anajiona mzima tu wakati kuanzia 140 kwa 90 ikijirudia siku tofauti tayari unaambiwa una presha.

Swali: Mama ana sukari, kaambiwa aache sembe ale dona. Sasa anakula dona mlima mkubwa mara mbili kwa siku na sukari haishuki. Dona si ndo zuri? (Mwanafunzi, Morogoro)

Dona ni zuri kweli, lina ganda na kiini vyote, nyuzinyuzi zipo, linashibisha na sukari inapanda taratibu kidogo kuliko sembe iliyokobolewa ikabaki nyeupe pee. Ila ni mahindi, mdogo wangu! Mlima wa dona ni mlima wa wanga. Sahani ya mama igawe hivi, nusu nzima mboga za majani, mchicha au matembele au majani ya maboga, robo ndo maharage au samaki au dagaa, robo iliyobaki ndo ugali, kama ukubwa wa ngumi yake. Mwanzoni ataona unamnyanyasa, muongezee mlenda. Na hiyo sahani gawa hivyo hivyo kwa wote hapo nyumbani, maana mwenye mama au baba wa sukari na yeye yuko karibu na mlango.

La pili kuhusu dona ambalo watu hawasemi. Sumukuvu. Fangasi wa kwenye mahindi yaliyokauka vibaya anaacha sumu, na sehemu kubwa inakaa huko huko kwenye ganda na kiini ambavyo sembe inavitupa. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, sio hadithi. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo ukipeleka mahindi mashineni kaa chini kwanza uyachambue, punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu, nje, na usiwape kuku maana itakurudia kwenye yai. Ukinunua dona la pakti chagua la mtu anayeeleweka, lisiwe na harufu ya stoo.

Swali: Niaje. Mi boda, miaka 32, asubuhi chapati mbili na chai, mchana zege (chipsi mayai), katikati soda au enaji nisisinzie, usiku nakula home. Tumbo limeanza kunitangulia. Hela ya kula vizuri sina. (Kaka wa Mbezi)

Poa kaka. Hiyo ya hela tuianzie hapo kwa sababu naisikia kila siku, na kuna watu kweli hawana, ila wewe ratiba yako naiona ina hela, imekaa kwenye chupa. Soda ya mililita 350 nyingi zina sukari kama gramu 35 na kidogo, yaani vijiko vya chai 9 hivi, na wale wa Shirika la Afya Duniani wanasema sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku, ikiwa chini ya 25 ndo safi zaidi. Chupa moja tu ushavuka hiyo 25. Sasa weka na chai, na wala usicheke maana hapa ndo tunajidanganya wote, kikombe cha vijiko vitatu mara tatu kwa siku ni soda nyingine kamili hata kama mezani hakuna chupa. Hela ya soda mbili au enaji moja nunua ndizi mbivu, karanga kidogo, na chupa ya maji uwe unajaza nyumbani.

Zege sikukatazi milele. Ila liangalie likitengenezwa siku moja, simama karibu na jiko, viazi vimeshaogelea kwenye mafuta mara ya kwanza, vinarudi kikaangoni na mafuta mengine, ndo mayai yanamwagwa juu, afu chumvi, afu tomato, na yale mafuta ya kwenye karai yamekuwa meusi tangu juzi. Ifanye ya Ijumaa. Siku nyingine kula makande, wali maharage mwambie mama ntilie apunguze wali aongeze maharage na mboga, muhogo wa kuchemsha, samaki. Kachumbari usiiache pembeni ya sahani kama mapambo.

Usingizi ukikujia barabarani enaji haikusaidii, inakuchelewesha tu, paki pembeni ulale dakika 20. Na pale kijiweni mnapokaa saa nzima mnasubiri abiria mkibishana Simba na Yanga, bishaneni mkiwa mmesimama, zungukeni.

Swali: Mwanangu ana miezi 8. Nina unga wa lishe wa vitu 12, mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga, ufuta, njegere na dagaa. Hapandi kilo. Niongeze nini? (Mama wa Mbagala)

Punguza, mama! Huo unga nimeuona kliniki maisha yangu yote. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, hivyo vyote sita kazi yao ni moja, ni kama umeajiri walinzi sita na hakuna mpishi. Afu kila kimoja kinaiva kwa muda wake, soya isiposafishwa ikakaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa inamsumbua mtoto kuyeyusha chakula, dagaa na karanga kwenye unga vinachacha haraka, na mahindi na karanga ndo vinaongoza kwa ile sumukuvu niliyosema juu.

Chukua nafaka moja, ulezi kwa mfano. Pika uji mzito, ukiuinamisha kijiko usidondoke kama maji, maana tumbo la miezi 8 ni dogo na ukilijaza maji limejaa maji. Ukiiva ndo utie karanga za kusaga za siku hiyo, au maziwa, au mafuta kijiko kidogo. Na uji sio chakula chake pekee, mtoto anakula sufuria yenu kabla hamjatia chumvi na pilipili, ponda ndizi na maharage yaliyochujwa ganda, kiazi na dagaa waliosagwa laini, yai, maini kidogo, parachichi, mboga za majani. Mara 2 hadi 3 kwa siku na ziwa palepale. Kadi yake ya kliniki nenda nayo ukaangaliwe, kutopanda kilo miezi miwili mfululizo sio jambo la kumalizia kwenye simu.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano, nakula udongo kila siku, pemba zile za sokoni, bila hivyo sina raha. Na chai naipenda mno. Kuna shida? (Mama Kijacho, Kigamboni)

Mwanangu usione aibu, mko wengi. Ile hamu mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, kwa hiyo badala ya kujilaumu kamwambie nesi akupime wingi wa damu, kwa mjamzito chini ya gramu 11 kwa desilita ni ndogo. Udongo wenyewe haukuongezei damu, unaweza kuja na mayai ya minyoo au madini ya risasi, na unazuia madini chuma ya kwenye chakula yasiingie mwilini. Chai nayo inazuia hivyo hivyo ukinywa na msosi, isogeze lisaa limoja kabla au baada. Vidonge vya FEFO, vile vya madini chuma na foliki asidi, meza kila siku, na chungwa sio na chai, choo kikiwa cheusi usitishike. Udongo ukija kichwani tafuna karoti au kipande cha muhogo wa kuchemsha, na pemba usinunue ukaweka kwenye mkoba, hapo ndo unapoponzwa.

Swali: Mwenyekiti wa jogging hapa. Kila Jumapili tunakimbia kilomita 10, watu 60 na zaidi, jezi, spika, raha. Baada ya hapo supu, chapati, na vinywaji mpaka jioni. Wanachama wanalalamika hawapungui. (Temeke)

Mwenyekiti wangu umeshajibu mwenyewe hapo katikati. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 anachoma kama kalori 700, bia ya nusu lita ina kama 200, sasa piga hesabu ya bia nne, chapati mbili na supu ya kongoro, mtu anarudi nyumbani kaongeza. Afu mazoezi yanayotakiwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, yakitawanywa ndo vizuri. Jumapili ni siku moja, zile sita mwanachama wako kakaa dukani. Gawaneni kwa mitaa, Jumanne na Alhamisi watu wanne watano wanatembea haraka nusu saa jioni, bila jezi bila spika.

Ila kundi lako nalipenda na nikuambie kwa nini, watu 60 wakiamua kitu mtaa unasikia. Ongea na zahanati yenu waje na mashine ya presha siku moja kwa mwezi, wapime watu kabla ya kukimbia, hasa waliovuka 40, na yeyote anayesikia kifua kubana au kizunguzungu asilazimishwe kumaliza kwa sababu ya picha. Supu ibaki, mafuta ya juu yaenguliwe, chapati iwe moja au ndizi za kuchemsha, na nyie viongozi ndo muanze kunywa maji mbele ya watu. Wekeni meza ya matunda kabla ya meza ya supu, na tikiti likatwe watu wakiwa bado barabarani, maana wakirudi wakalikuta zima na mwenye kisu hajulikani alipo, supu itashinda.