Breki Zilikatika Kitonga, Mimi Bado Nashuka

Dada, habari za kazi. Nina miaka 34, nipo Uyole hapa Mbeya. Nilikuwa utingo kwenye fuso, tunapeleka viazi Dar. Miaka miwili iliyopita tunashuka Kitonga breki zikakatika, dereva akajitahidi kulibana gari upande wa mlima, mimi nikatoka na mkono umevunjika, yeye hakutoka. Mkono ulishapona siku nyingi ila usiku naweweseka mpaka mke wangu anahamia kwa watoto. Harufu ya breki zilizoungua, au hata sufuria ikiungua jikoni, basi moyo unaenda mbio na jasho linanitoka na baridi yote hii ya huku. Gari sipandi tena, shangazi kafa Makambako sikwenda kuzika, ukoo mzima wamenisema. Nilienda hospitali moja nikapewa vidonge vya usingizi nikaambiwa nipunguze mawazo. Mama mkwe anasema marehemu hajatulizwa, tukafanye ya kimila. Sasa rafiki kanipa namba ya mwanasaikolojia yupo Dar anatibu kwa video koli. Hivi kweli mtu anatibiwa akili kwa simu? Halafu nyumba yetu ni vyumba viwili, nikiongea kila mtu anasikia. Ndaga.

Ndaga nawe kaka yangu, na pole sana ya dereva wako. Nimesoma barua yako mara tatu, yeye umempitia haraka haraka kwenye sentensi moja halafu ukakimbilia mkono. Sikulaumu, hata mimi ningefanya hivyo, ila nakuomba ulikumbuke hilo maana nitalirudia.

Kitu cha kwanza, wewe sio mwoga na hujarukwa na akili. Mimi sio daktari wako, siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa barua, ila ulivyoeleza (kuweweseka, mwili kulipuka kwa harufu tu, kukwepa magari hadi msiba, na imepita miaka miwili wakati wataalamu huanza kuulizia ikizidi mwezi mmoja) ndo vitu ambavyo mtaalamu akivisikia lazima akupime kiwewe, wanaita PTSD. Jina hilo liliingia rasmi kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na waliolipigania sana ni watu waliokuwa wanahudumia wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam, lakini ugonjwa wenyewe hauchagui vita, ajali inauleta, ubakaji unauleta, hata kujifungua kubaya kunauleta.

Mimi huwa naelezea hivi. Kumbukumbu ya kawaida ina tarehe yake, ukiikumbuka harusi yako unajua ilikuwa lini na imeshapita. Ile ya Kitonga haikupata tarehe, mwili wako unaiona kama iko sasa hivi. Ndo maana sufuria ikiungua Uyole wewe unakuwa mlimani Kitonga, na kuambiwa "punguza mawazo" hakukusaidii chochote, maana hayo sio mawazo uliyokaa ukayachagua.

Sasa la simu. Ndio, inawezekana kabisa, na sio maneno ya matangazo. Uingereza kuna utafiti uliongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Cardiff, ukatoka 2022, watu 196 wenye PTSD isiyo kali sana iliyotokana na tukio moja kama lako, nusu wakatibiwa ana kwa ana na nusu kwa programu ya intaneti wakiwa na mtaalamu anayewafuatilia. Baada ya wiki 16 matokeo yakawa hayapishani kwa maana yoyote kubwa. Marekani nako hospitali za wanajeshi wastaafu zimetibu kwa video miaka mingi, na tafiti zao zinaonyesha matibabu yaleyale yakifanyika kwa video yanafanya kazi kama ya ofisini. Na kwa sisi wa huku kilichonigusa zaidi ni cha jirani, kambi ya Nakivale Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa na wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo kwa wiki chache tu, wala hawakuwa madaktari, na watu wakapata nafuu. Kwahiyo kinachoponya sio ofisi wala kochi, ni njia inayotumika na mtu anayeijua akaifuata mpaka mwisho.

Hapo ndo pa kumshika huyo wa Dar. Muulize wazi, "unatumia njia gani kwa mtu mwenye kiwewe?" Akikujibu atakusikiliza na kukutia moyo basi huyo ni rafiki mzuri ila sio tiba, kwa kiwewe kusikilizwa peke yake hakutoshi. Tiba yenyewe inarudi kwenye tukio, taratibu, umeshikwa mkono. Ile ya Nakivale kwa mfano wanatandika kamba chini, kamba ndo maisha yako toka kuzaliwa, unaweka maua penye mazuri na mawe penye mabaya. Hebu jione upo stoo ya viazi jioni, umekaa juu ya gunia, kamba ya kufungia magunia umeitandaza sakafuni, simu umeiegemeza ukutani inaangalia chini. Unaweka ua, siku uliyopata kazi ya utingo. Ua lingine, mtoto wa kwanza. Halafu jiwe. Na yule mtu kwenye simu anakuuliza mlikuwa mnaongea nini kabla hamjaanza kushuka, redio ilikuwa inapiga nini, dereva alisema nini, ulisikia harufu gani, sasa hivi mwili unasikiaje, na hapo ulipokaa Uyole unashika nini mkononi. Anakuvusha mpaka mwisho wa siku ile, mpaka hospitali, mpaka nyumbani, haachi hadithi katikati ya mteremko. Mnairudia kikao kingine, na kingine, mpaka inaanza kupata tarehe. Hapo dereva wako hatopitiwa kwa sentensi moja, na najua ndo panapouma kuliko mkono.

Njia nyingine zina kazi za kufanya mwenyewe kati ya kikao na kikao. Unaanza kusimama barabarani malori yanapita, unapima hofu yako toka sifuri hadi mia, unabaki pale mpaka ishuke yenyewe bila kukimbia. Kesho tena. Halafu kosta mpaka Inyala na kurudi. Sio kurushwa Kitonga siku ya kwanza, mtu akikulazimisha hivyo mkatae. Kwa kawaida ni vikao kama 8 mpaka 15, kimoja kwa wiki, saa moja hadi saa na nusu, kwahiyo ulizia bei ya safari nzima sio ya kikao kimoja, ujue kama utafika mwisho, maana kuacha kikao cha tatu ndo umefukua jiwe ukaliacha juu. Nakwambia kabisa wiki za mwanzo ndoto zinaweza kuongezeka. Mwambie mkeo mapema asishtuke.

Faragha. Nyumba ya vyumba viwili sio mwisho wa dunia, nimetaja stoo makusudi maana watu wengi huku wana stoo, kibanda, duka linalofungwa saa kumi na mbili. Vaa hedifoni, weka redio nje ya mlango. Mtandao ukisumbua zima video mbaki na sauti, inakula bando kidogo sana na kazi inaendelea. Ila mtaalamu wa kweli siku ya kwanza kabisa atakuuliza uko wapi kimwili, nani yupo karibu nawe na namba yake, na simu ikikatika ukiwa katikati ya kilio nani anampigia nani. Asipouliza hayo mimi ningesita kumpa hela.

Vidonge vya usingizi usivitupe leo kwa kusoma hapa, kama umevitumia muda mrefu kuacha ghafla kuna hatari, rudi kwa daktari mpange kuvipunguza. Zile za kundi la diazepamu hazitibu PTSD. Zipo dawa nyingine kama setralini ambazo zinatumika, hiyo muulize daktari. Na kama kuna siku umewaza bora ungekufa wewe badala yake, au umeanza kuzima usingizi kwa pombe, simu pekee haitoshi kaka yangu, nenda hospitali ya rufaa ya kanda pale Mbeya mjini waulize kitengo cha afya ya akili, na mtu wa Dar utaendelea naye sambamba.

Mama mkwe msimgombeze. Kwenda kwa ndugu wa marehemu, kukaa nao, kutoa pole uliyoshindwa kutoa, hilo halipingani na tiba hata kidogo, na naona wewe unalihitaji. Ila lisiwe badala yake.

*

Dada shikamoo. Nipo Mafinga. Mume alikuwa ananipiga, tumetengana kama miezi minne ila bado anakuja kuona watoto na simu anaishika anavyotaka. Nataka kuongea na mshauri kwa WhatsApp maana sitaki kuonekana hospitali. Je ni salama?

Marahaba mdogo wangu. Kwa hali hiyo, hapana, bado. Mtu anayeshika simu yako atasoma yote uliyosema juu yake, na hiyo ndo siku ya hatari. Kwanza fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa uangalie kama kuna kifaa usichokijua, ukikiona usikitoe haraka haraka kabla hujajua utalala wapi, maana atajua umejua. Tumia simu ya dada au ya rafiki unayemwamini, ukiwa kwake, mazungumzo yasibaki kwako.

Na kabla ya kiwewe kuna usalama. Tiba ya kiwewe inaufundisha mwili kwamba hatari imepita, sasa wewe haijapita, anakuja mpaka sebuleni. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na kuna hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii unawakuta sehemu moja. Najua Mafinga mji mdogo kila mtu anamjua mwenzake, kama unaona aibu nenda Iringa mjini siku ya soko kama unaenda kununua vitu. Watoto wakiguswa, namba 116 ni ya bure. Ukishakuwa na mlango ambao yeye hana ufunguo wake, niandikie tena tuongee habari ya vikao vya simu, kwako vitafaa sana.

*

Dada mambo. Nasoma chuo Iringa, nilivamiwa usiku mwaka jana, kuna jamaa mtandaoni anasema anafuta kumbukumbu mbaya kwa masaa mawili, unalipa nusu kwanza. Niende?

Poa mdogo wangu, na pole. Usilipe. Hakuna anayefuta kumbukumbu, na mtaalamu mkweli hata siku moja hatokuahidi hivyo, atakwambia utaikumbuka ila haitakuendesha. Anza na ofisi ya ushauri ya wanafunzi hapo chuoni kama ipo, waombe wakuelekeze kwa mtu anayetibu kiwewe, useme neno hilohilo, kiwewe, usiseme stresi za masomo maana utapewa ratiba ya kusoma urudi na kiwewe chako bwenini.