Kabla hujachagua barafu au matumbawe

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi ili wawe watafiti wa tabianchi ya kale hutaja Antaktika kwanza. Nawaelewa. Barafu iliyochimbwa huko, mahali paitwapo Dome C, ina viputo vya hewa ya tangu miaka 800,000 iliyopita, na mimi bado husisimka nikiifikiria. Hata hivyo, kabla hujachagua barafu, matumbawe au mashapo ya bahari, jifunze ni nini kinaweza kukipotosha kipimo chako. Huo ndio ujuzi utakaokubeba miaka yote ya kazi.

Chukua tumbawe la kale lililo juu ya ufuo. Umri wake utaupata kwa kupima urani na thori, elementi mbili ambazo ya kwanza hugeuka polepole kuwa ya pili. Tuseme maabara imekupa miaka 125,000: kipindi cha joto, bahari ikiwa mita kadhaa juu ya ilivyo leo. Mita ngapi hasa? Hapo ndipo penye kazi. Huenda nchi kavu yenyewe imeinuka, kama ilivyo Barbados. Huenda ingali inajirudi baada ya kuelemewa na barafu: pwani za Ghuba ya Hudson zinapanda takriban sentimita moja kwa mwaka, ingawa barafu yake iliyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Tena, barafu kubwa huyavuta maji ya bahari kwa uzito wake, kwa hiyo ikiyeyuka, bahari iliyo karibu nayo hushuka na ya mbali hupanda. Na tumbawe lenyewe liliishi kina gani? Muulize mwanabiolojia.

Ndiyo maana nasisitiza: tafuta mapema wenzako wa fani nyingine, na hisabati usiikimbie. Safari za nyanjani ni tamu, lakini ni chache. Muda mwingi utakuwa maabara na mbele ya kompyuta.

Jambo moja linaniuma. Nimekutana na sampuli nzuri za zamani, zenye umri uliopimwa vizuri, zisizotumika tena kwa sababu hakuna aliyeandika kimo chake juu ya bahari kilihesabiwa kutoka wapi. Barafu ya Greenland pekee ikiyeyuka yote itapandisha bahari kwa takriban mita 7, na watu wa pwani wanatutegemea tuwaambie barafu hiyo iliwahi kupungua kiasi gani. Basi andika kila kitu: kama ulianzia maji kupwa, maji kujaa au alama ya wapima ardhi, chombo ulichotumia, na ukubwa wa shaka yako.