Mwanangu, ya umri siyajui

Kamwene mwanangu,

Unauliza kama miaka saba inatosha mtoto kuambiwa kwa nini mama yake anakwenda hospitali ya rufaa kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya walioacha unga wa kulevya. Ya umri siyajui. Swali lako limenirudisha kwenye kipaimara chako.

Ilikuwa wiki chache baada ya Pasaka, Kilolo nzima mianzi bado inatoa ulanzi, na baba yako yuko kwenye masika yake ya kwanza bila kunywa. Mjomba wako akaja na dumu, akamjazia kikombe mbele za watu: "Mwanamume gani haonji sherehe ya mwanawe?" Baba yako akakipokea, akampa mzee aliyeketi jirani, akajimiminia togwa. Nawe na gauni lako jeupe ukapita katikati ya wageni, ukamnyang'anya kikombe, ukanusa. Watu kimya! Nilitamani kukuzaba kibao; mpaka leo nikikumbuka mkono unaniwasha. Baba yako akangoja. Ulipomrudishia akanywa, akaendelea na habari zake za mahindi.

Tangu hapo hakunywa kitu nyumbani bila kukupitishia kikombe kwanza, hata chai. Nikamwambia anajidhalilisha kwa mtoto. Akanijibu mtoto ana haki ya kukagua. Sikukubali. Siku hizi nakubali nusu.

Mimi nasema siku zote, mtoto anahesabu saa za mzazi wake. Huyo wako anajua unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi, na anazikumbuka siku za unga ulipokuwa hurudi. Wanaosema umebadilisha ulevi kwa ulevi waache waseme. Dawa inakuzuilia arosto, yale maumivu ya kukosa unga, unaamka, unapika uji, mtoto anawahi shule. Baba yako anakuonea wivu, eti ulanzi haukuwa na methadoni yake.

Sasa umwambie? Sisemi. Wa miaka saba atalipeleka shuleni, na watu hawaoni taabu kumwita mtu mtoto wa teja. Lakini akikuuliza umekunywa nini huko, nawe ukamdanganya... basi, nimesema sisemi. Anahesabu saa, ndilo ninalolijua.

Pasaka mnakuja? Kama dozi haikuruhusu kulala huku, sisi tutapanda basi kuja Mbeya. Nijulishe mapema, baba yako anataka kubeba viazi na hajui kubeba kidogo.

Mama yako